Pumu: msikilize anavyozungumza kabla ya kusikiliza kifua

Ninyi mnaoanza zamu chumba cha dharura, nianze na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini aliletwa kijana mwenye pumu, kifua kinapiga mluzi hadi unasikika mlangoni. Tukampa dawa, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Niliporudi mluzi umekwisha, kijana kaegemea mto, kimya. Nikaandika "anaendelea vizuri". Muuguzi wa zamu akapita, akamtupia jicho mara moja, akamwita daktari kwa sauti ambayo sijaisahau.

Mluzi ni hewa inayopenya kwenye njia iliyobanwa. Hewa isipopita, mluzi utatoka wapi? Ule utulivu wake ulikuwa uchovu. Kijana alipona, lakini si kwa sababu yangu.

Tangu hapo, kabla sijashika stetoskopu, namwuliza mgonjwa swali la kawaida tu: umekuja na nani, ilianza lini. Anayemaliza sentensi ana nafasi. Anayetoa neno, anavuta pumzi, anatoa neno jingine, hana muda wa foleni. Tazama shingo na mbavu: nyama ikididimia kila anapovuta, anatumia nguvu asizokuwa nazo. Oksijeni ya damu chini ya asilimia 92 ni hatari. Kwa mwenye ngozi nyeusi, angalia kama ulimi na ufizi vimegeuka bluu. Midomo inaweza kukudanganya.

Hao ndio wanaoonekana. Wengi watakuja saa sita mchana kifua kikiwa safi kabisa, wakilalamikia "mafua yasiyoisha". Usimrudishe nyumbani haraka. Pumu huja na kuondoka, na hupenda usiku wa manane na alfajiri. Muulize kama kikohozi humwamsha. Wapo wasiotoa mluzi hata siku moja, wanakohoa tu.

Ukimwuliza mtu ana mzio wa nini, atajibu hana. Muulize jana alikuwa wapi na alifanya nini. Ndipo utasikia alifagia stoo yenye vumbi, alilala chumba kilichopakwa rangi, alikaa jikoni kwenye moshi, au mtoto alirudi na mafua. Mafua ya kawaida ndiyo huwaangusha watoto wengi kuliko kitu kingine. Baridi, ukungu wa ukutani, mende, manyoya ya paka, hata kucheka sana, vyote vimo. Kwa wanaofanya mazoezi, kifua mara nyingi hubana dakika chache baada ya kupumzika, kwa hiyo hawaunganishi mambo hayo mawili.

Na dawa! Hili vijana hulisahau. Aspirini na ibuprofeni huwabana baadhi ya wagonjwa. Propranolol ya presha ni mbaya zaidi. Niliwahi kumhudumia bibi ambaye kikohozi chake hakikueleweka mpaka alipotoa mkobani matone ya macho ya timolol, ndugu yake propranolol. Dawa ya jicho! Hakuitaja kwa sababu, kwake, jicho na kifua havijuani.

Mwisho inhela, kile kichupa cha kuvuta dawa kwa mdomo. Usiulize kama anajua kuitumia, mwambie akuonyeshe. Utaona wasioitikisa, wanaobonyeza kwanza ndipo wavute, wanaotoa pumzi papo hapo badala ya kuizuia sekunde kumi. Anayeihitaji ile ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa. Huyo huenda ameacha dawa ya kuzuia kwa kuwa alijisikia mzima. Halafu muulize aliifungua lini. Inhela nyingi za kutuliza zina mikupuo 200, na dawa ikiisha gesi huendelea kutoka. Anasikia "pss", anaamini amejitibu, anarudi kulala.