Mbolea ya Ruzuku: Ushauri kwa Wakulima wa Simu Tulioko Nairobi

Mimi naishi Umoja, mama yuko shambani nje ya Kitale. Natuma pesa, yeye anapanda mahindi. Tukianza kuzungumzia mbolea ya serikali na wenzangu wa hapa mjini, huwa nawaambia jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: asajiliwe yule anayekaa shambani, hata kama hati ya ardhi ina jina lako.

Vocha ya kununulia mbolea hiyo kwa bei ya ruzuku hutumwa kwa ujumbe kwenye namba iliyosajiliwa katika mfumo wa wakulima, KIAMIS. Ukijiandikisha wewe wa Nairobi, ujumbe utakukuta ndani ya matatu Jogoo Road huku gunia likikungoja Kitale. Jirani yangu mmoja alikuwa akiomba ruhusa kazini kila msimu ili asafiri usiku kucha kwenda kufuata magunia ambayo mkewe angeyachukua asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nami nilisisitiza mama aende kwa chifu na kitambulisho chake mwenyewe na laini iliyo kwa jina lake. Laini ya kuazima kwa mjukuu ni balaa. Mjukuu akihamia Eldoret, vocha imehama naye.

Ekari nazo ziandikwe kama zilivyo, maana mgao hufuata ukubwa wa shamba. Najua kuna wanaoziongeza kisha wanawauzia mabroka kinachozidi. Mimi siwezi kumshauri mtu hivyo, na sioni faida yake ukishaanza kuulizwa maswali.

Je, inafaa kuhangaika? Ndiyo. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 lilikuwa limevuka shilingi 6,000 madukani. Septemba mwaka huo serikali ikaliuza kwa 3,500, na 2023 bei ikashuka hadi 2,500. Lakini piga hesabu ya nauli kwanza. Bohari la NCPB, bodi ya serikali ya nafaka, ambako mbolea huchukuliwa, likiwa mbali, bodaboda na wapakizi watakula sehemu ya akiba yako. Mama na majirani zake hukodi pikapu moja, na kabla ya kuondoka humuuliza mzee wa kijiji kama chama cha ushirika kilicho karibu kimeletewa mbolea. Pia hakikisheni aina iliyopo. Ukifuata DAP ya kupandia ukute CAN ya kukuzia ndiyo imebaki, umesafiri bure.

Risiti, ujumbe wa vocha na gunia tupu visitupwe hadi mavuno. Mwaka 2024 iligundulika kuwa baadhi ya mbolea iliyouzwa chini ya mpango huo haikuwa na ubora, na serikali ikaahidi kuwafidia wakulima walioathirika. Mtu asiye na karatasi angejiteteaje? Mimi humwambia mama apige picha ya gunia, upande wenye maandishi, anitumie kabla hajalifungua. Hulalamika kwamba namsumbua, lakini hutuma.

Na msingoje mvua ya Machi. Wakati huo foleni ni ndefu na kila anayehudumu ana hasira. Vocha ikifika mapema, tuma pesa pamoja na ada ya kutoa, mbolea ichukuliwe, ipangwe juu ya mbao mbali na ukuta, kwa sababu CAN hasa hunyonya unyevu ikawa mawe.