Nimeacha Pombe, Sasa Nikae na Nani?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi magari wa Pasua, Moshi, miaka 38, nina mke na watoto wawili. Leo ni siku ya 41 sijaonja pombe. Kiu hunishika jioni nikinawa mikono gereji, Ijumaa ndiyo balaa. Nilipanda kosta hadi Arusha kwenye mkutano wa watu wanaoacha, nikakuta vijana wanaongelea unga tu, nikajiona nimepotea njia. Nikajiunga na kikundi cha maombi hapa mtaani. Jumapili ya pili wakanisimamisha mbele ya watu nitoe ushuhuda, na sasa hata wateja wananiuliza habari zangu. Shemeji yangu anasema mwanaume hahitaji vikao, tena mbege ni chakula. Kule Arusha mtu mmoja tu alinifuata nje, kijana wa bodaboda wa hapa Njoro, akanipa namba yake. Sijampigia. Nifanye nini?
Fundi wa Pasua

Marahaba, mwanangu. Siku 41 si mchezo. Hongera sana, na mkeo mpe hongera zangu, maana najua naye anazihesabu.

Hukukosea kwenda Arusha. Ila mkutano umeupima kwa jioni moja, na jioni moja hutegemea nani amekuja na nani amepata ujasiri wa kusema. Watu wa AA, ule umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, humwambia mgeni ahudhurie mara kadhaa, na kwenye vikundi tofauti, ndipo aamue. Vijana wa unga nao si wa mbali nawe kama ulivyodhani: zile hatua 12 za kuacha wanazozifuata wamezirithi kwa AA, watu wa pombe. Lakini ukirudi mara ya tatu, ya nne, na moyo bado umefunga, tafuta kwingine na usione aibu.

Hilo la ushuhuda limeniuma. Pengine waliokusimamisha walikupenda, lakini waliitoa hadharani siri ambayo ilikuwa yako kuitoa au kuitunza. Jina la AA, Alcoholics Anonymous, maana yake ni walevi wasiotajwa kwa majina. Mtu huingia kwa jina la kwanza tu, hakuna ada, na sharti la kujiunga ni moja: uwe unataka kuacha kunywa. Kusali na wenzako endelea, mwanangu, sala haina ubaya. Ila kabla hujafungua kinywa kwenye kikundi chochote, uliza kwanza: ya humu yanabaki humu? Akisita anayekujibu, nyamaza.

Nikupe na langu. Niliwahi kumsindikiza marehemu kaka yangu kwenye mkutano wa wazi, ule ambao hata ndugu huruhusiwa kuingia (mingine ni ya wenye tatizo peke yao). Viti vya plastiki, chupa ya chai, watu kama tisa. Kaka alikaa ameinamisha kichwa. Mzee mmoja, kikombe amekishika kwa mikono miwili kisimwagike, akasimulia siku aliyokataa kata ya mbege kwa baba mkwe wake. Akasema kata ilibaki hewani, ukoo mzima umenyamaza, mpaka bibi mmoja akainuka akaipokea. Hapo kaka akainua kichwa. Sisi nyumbani tulikuwa tumemhubiria miezi na miezi, na hakuwahi kukiinua.

Kwa hiyo tafuta kikundi chenye mtu wa aina hiyo, anayejua uzito wa kata mkononi mwa mzee. Na shemeji mwambie kwa heshima kwamba ulezi na ndizi ni chakula, lakini vikishachachuka vikawa mbege ni pombe, na wewe pombe umeacha.

Angalia na saa. Kikundi cha Jumapili asubuhi, hata kiwe kizuri namna gani, hakitakuwepo Ijumaa saa kumi na mbili jioni unaponawa mikono. Nenda kliniki ya afya ya akili, hospitali ya KCMC au ya Mawenzi, uwaulize wauguzi ni vikundi gani vinakutana sasa hivi karibu nawe, siku gani, saa ngapi. Wewe si wa kwanza kuwauliza. Na Mungu apishe mbali, ukiteleza ukanywa mfululizo, usiache ghafla ukiwa umejifungia ndani peke yako. Kutetemeka, jasho, kuona visivyokuwepo, degedege: hayo huweza kuua katika siku chache za mwanzo. Wahi hospitali.

Sasa huyu wa Njoro. AA ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, kwa watu wawili. Bill, dalali wa hisa, alikuwa ugenini, biashara imemwendea vibaya, ana miezi michache tu tangu aache, na baa ya hoteli inamwita. Akatafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye. Akapatikana Bob, daktari wa upasuaji, wakazungumza kwa saa nyingi. Mpaka leo, wawili au watatu wakikutana ili wakae bila pombe, wanaweza kujiita kikundi.

Kijana yule alikufuata nje kwa sababu naye alikuhitaji. Mpigie leo. Mwambie Ijumaa, saa kumi na mbili, ukishanawa mikono, mkutane mahali penye chai. Usiandae maneno. Anza kwa kumwambia ni siku yako ya ngapi, kisha umuulize yake.