Mji Mkongwe kwa miguu, na watoto waliokwisha kuota ndevu

Tangu nilipogusia kwamba nimezunguka Mji Mkongwe wa Unguja na wanangu watatu, mdogo wao ana miaka 21, maswali hayajakatika. Leo najibu sita.

Tunavuka kutoka Dar kwa boti ya asubuhi, tunarudi jioni. Wanangu wana miaka 22 na 26. Tuanzie wapi tuone vyote? (Mama, Morogoro)

Hamtaona vyote, dada, na mkilazimisha mtagombana kabla ya adhuhuri. Sisi tuligombana. Nilikuwa na orodha ya sehemu kumi na moja, nimetangulia mbele kama mwalimu wa zamu. Tulipofika ya nne, kifungua mimba akaniuliza kama jioni kuna mtihani.

Kila mmoja achague sehemu moja, basi. Mwanangu mdogo alitaka Shangani, kwenye nyumba inayotajwa kuwa ya akina Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Mimi habari zake sikuwa nazo, kwa hiyo siku ile aliyeelezwa ni mama. Mimi nilichagua Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno. Jirani yake ni Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, hivyo ulizeni kwanza kama panaingilika.

Mwanangu anafuata ramani ya simu, mimi napenda kuuliza watu. Nani yuko sahihi? (Baba, Nakuru)

Simu huchanganyikiwa mle ndani. Vichochoro ni vyembamba, kuta za mawe zimekwenda juu, mshale unaruka kutoka mtaa huu hadi ule. Lakini siri ya mji ni ndogo: magharibi kuna bahari, mashariki kuna barabara ya Darajani. Barabara hiyo zamani ilikuwa mkono wa bahari, wenye daraja, kabla haujafukiwa. Ndiyo maana mitaa ya upande wa pili ikaitwa Ng'ambo. Kata vichochoro upendavyo, mwishowe utatokea kwenye mashua au kwenye daladala.

Kuuliza uliza, ila anza na salamu, tena salamu kamili. Ukimrukia mtu na "Forodhani wapi?" utajibiwa kwa kidole.

Binti yangu, miaka 24, amekataa kwenda Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Anasema si pahala pa kupigia picha. Nimlazimishe? (Baba, Dodoma)

Usimlazimishe, kaka yangu. Ana hoja. Nimeona watu wakijipiga selfi huku wanachekelea mbele ya sanamu zile: watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Alizichonga Clara Sörnäs wa Sweden mwaka 1998, na minyororo yenyewe ni ya enzi zile. Mwambie anaweza kuingia simu ikiwa mkobani.

Soko lilifungwa mwaka 1873, Barghash alipotia saini mkataba huku Waingereza wakimtishia kwa manowari. Mwaka uleule ujenzi wa Kanisa Kuu la Anglikana ukaanza papo hapo, chini ya Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu mwaka uliofuata, yule aliyekusanya hadithi za Kiswahili. Ndani kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Husimuliwa kwamba mafundi walizikosea askofu akiwa safarini, naye akarudi akaziacha vivyo hivyo.

Mwanangu wa pili, ambaye si msemaji, alisimama pale shimoni muda mrefu. Nikaanza kumweleza. Akainua kiganja tu, hakunitazama. Nikatoka, nikakaa chini ya mti. Usiku ule, wakati wa kula, ndipo akauliza kwa nini babu yake mzaa baba alikuwa akijiita Mnyasa, mtu wa upande wa Ziwa Nyasa, walikotekwa watumwa wengi. Tulilala saa nane.

Mkitoka Mkunazini msipange kitu kingine. Nendeni baharini.

Magoti yangu mabovu, na vijana wanatembea kama wanafukuzwa. (Bibi, Tanga)

Shikamoo bibi. Nyumba nyingi kule zina baraza za mawe nje. Kaa, wao wazunguke, wakukute hapo. Kaa hata Jaws Corner, Soko Muhogo, penye kahawa, bao na siasa. Tokeni mapema asubuhi na tena alasiri. Adhuhuri ni ya kulala.

Mama yangu alizaliwa Malindi ya Mji Mkongwe, akaondoka 1964 akiwa mtoto. Nakwenda na wanangu wakubwa, wazaliwa wa Muscat, Kiswahili chao cha kuokoteza. Anwani sina, nina picha ya mlango tu. (Msomaji, Muscat)

Mlango unatosha kuanzia. Tazama juu yake: ulionyooka kwa kawaida huitwa wa Kiarabu, wenye tao huitwa wa Kihindi. Usiwape picha mapapasi, wale vijana wanaowaganda wageni bandarini; watakupeleka kwenye mlango wowote unaofanana. Nenda Malindi baada ya sala ya alasiri, wazee wakiwa barazani, utaje jina la babu yako, na la utani kama alikuwa nalo. Hilo ndilo linalokumbukwa.

Ukiipata nyumba, usiulize ni ya nani sasa. Nyingi zilitaifishwa baada ya Mapinduzi, na waliomo wana hofu zao. Sema umekuja kutazama alipozaliwa mama. Hodi apige mwanao, kwa Kiswahili chake hichohicho.

Nani alipe? (Kijana mwenye ajira, Arusha)

Boti na malazi, aliyewaita. Chakula cha usiku kwenye bustani ya Forodhani, wewe mwenye mshahara, na uulize bei kabla hujanyooshea kidole mshikaki. Urojo mtafuteni vichochoroni, kwa mama mwenye foleni.