Simamisha filamu, shika mkaa

Ukitaka kujua filamu inampa nani nguvu, isimamishe kisha uichore. Sinema hupitisha picha 24 kila sekunde, jicho halipati nafasi ya kuuliza. Mkono ndio unaolazimika kujua kila mstari unaanzia wapi na kwa nini.

Mimi nachorea nyumbani, hapa Lamu mtaa wa Langoni, kwa mkaa na karatasi za bei nafuu. Juzi nilisimamisha tamthilia pale mke anapoleta chai. Mume ameketi katikati, kamera iko chini kidogo, mabega yake yamejaza kioo. Mke yuko ukingoni. Nilipofika kwenye mkono wake nikakuta hauna vidole: picha imeukata kwenye kifundo, kilichobaki ni sinia.

Wengi hapo, wakitaka kumpa mwanamke nguvu, humvisha taji au kumpa upanga. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Badilisha kitu kimoja tu. Nilibandika karatasi ya pili ubavuni nikaendeleza alipokatwa: vidole, kiwiko, mlango nyuma yake, mtoto anamvuta leso. Mume sikumgusa, hata mkunjo wa kanzu. Lakini sasa ukiitazama picha, jicho linaanza kwa mke.

Kisha chora tena, ubadilishe usawa wa macho. Anayetazamwa kutoka chini hukua, anayetazamwa kutoka juu hupungua. Watengeneza filamu wanalijua hilo vizuri.

Mwaka 1975 Laura Mulvey, mchambuzi wa filamu wa Uingereza, aliandika kwamba sinema za Hollywood humfanya mtazamaji amwangalie mwanamke kwa jicho la mwanamume. Namkubali kabisa, ila sisi tuna la kuongeza. Bibi zetu waliutazama mtaa kutoka madirisha ya ghorofani, na njiani kutoka ndani ya buibui, wakiona wasionekane. Hiyo ni nguvu, na hainipendezi inapohesabiwa kuwa unyonge tu. Kwa hiyo mchoro wa tatu nauchora kutoka dirisha la juu: mume yuko barazani, utosi na kofia tu, hajui kama anaangaliwa. Huu ndio mchoro ninaoupenda kuliko yote, na wasichana ninaowafundisha huutazama kwa muda mrefu.

Sura za majirani usizitie bila idhini yao. Mji wetu ni mdogo, na mwanamke aliyechagua kutoonekana asionyeshwe kwa mkaa wako.