Yeye nusu kidonge, mimi viwili

SWALI: Mimi na jirani yangu tuliwekewa vali za chuma za moyo, na sote tunameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Yeye mnene, mimi mwembamba. Lakini yeye anameza nusu ya kidonge cha miligramu 5 kwa siku, mimi vidonge viwili. Vipimo vya mwisho vya INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda; ikipanda, damu inaganda polepole zaidi) vilikuwa 2.8 kwa kila mmoja. Watu wananitisha kwamba damu itanimwagikia ndani. Nipunguze?
*Mama G., Nansio, Ukerewe*

JIBU: Usipunguze hata robo, mama. INR ya 2.8 inaonyesha kuwa vidonge viwili ndivyo damu yako inavyodai. Ukishuka kufikia dozi ya jirani, vali inaweza kushika bonge la damu, na bonge hilo likipanda kichwani ni kiharusi.

Warfarini inafanya kazi ndani ya ini. Kuna kimeng'enya kinachoirudishia vitamini K nguvu ili itumike tena kutengeneza protini za kugandisha damu, warfarini inakifunga. Jeni ya kimeng'enya hicho inaitwa VKORC1. Aliyezaliwa na aina inayotoa kimeng'enya kidogo, dawa kidogo inamtosha. Aina hiyo imejaa Asia ya Mashariki na ni adimu kwetu, ndiyo sababu mojawapo ya Waafrika wengi kuhitaji dozi kubwa kuliko Wachina. Jeni ya pili, CYP2C9, inaamua ini litaisafisha dawa kwa kasi gani. Ikiwa zembe, dawa inalundikana, na nusu kidonge kinatosha kabisa. Unene una mchango wake, ila mdogo.

Dozi hurekebishwa kwa jumla ya wiki. Anayemeza miligramu 5 kila siku ana 35 kwa wiki. INR ikiwa chini kidogo, daktari huongeza kati ya asilimia 5 na 15: mathalani siku moja ya wiki inakuwa kidonge kimoja na nusu, jumla 37.5. Matokeo hayaonekani kesho yake. Protini moja ya kugandisha damu hukaa mwilini siku kadhaa kabla ya kupungua, kwa hiyo anayepima keshoyake na kuongeza tena anajitafutia balaa. Ukisahau dozi na ukakumbuka siku ileile, meza. Ukikumbuka kesho yake, endelea na ya siku hiyo tu, usimeze mbili.

Jambo moja wanaovuka na kivuko kwenda kupima Mwanza walijue: damu ya INR hutiwa kwenye kichupa cha kifuniko cha bluu chenye dawa ya kuzuia kuganda, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za damu. Kisipojaa hadi alama, dawa inazidi damu, na INR inatoka juu kwa uongo. Daktari atakupunguzia dozi bure. Kitazame kabla hujaondoka kitini. Kikiwa pungufu, omba kichukuliwe upya.

Matembele na kisamvu vina vitamini K nyingi. Kula, lakini kwa kiasi kilekile kila wiki. Shida ni kuacha mwezi mzima halafu kula sufuria.

SWALI: Baba alipimwa jeni nje ya nchi, cheti kikasema CYP2C9 ni ya kawaida. Mbona miligramu 2.5 tu za warfarini zinampandisha INR hadi 4?
*Kijana wa Igoma, Mwanza*

JIBU: Soma cheti chenyewe, waliangalia alama zipi. Jeni hiyo ina aina nyingi, zinazoandikwa kwa nyota na namba. Vipimo vingi hutafuta *2 na *3, ambazo zimeenea Ulaya. Kwa Waafrika zinazopunguza kasi zaidi ni *5, *6, *8 na *11. Zisipotafutwa, cheti huandika “kawaida” kwa mtu asiye wa kawaida.

Kabla ya kulaumu jeni, tazama mfuko wake wa dawa. Metronidazo ya tumbo, septrini na flukonazo ya fangasi hupandisha INR. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha sana, na akishaimaliza INR hupanda tena polepole, kwa wiki kadhaa. Diklofenaki ya maumivu huchuna tumbo na kuongeza hatari ya kutokwa damu hata INR ikiwa nzuri. Ini na moyo ulioelemewa navyo vinaangaliwa. Akianza au kuacha dawa yoyote kati ya hizo, apimwe INR ndani ya siku 3 hadi 5. Choo kikiwa cheusi kama lami, au kichwa kikimuuma ghafla kupita kiasi, hospitali siku hiyohiyo, na mpeleke na vidonge vyake vyote.