Gari la Kwanza kwa Milioni 12: Majibu kwa Wasomaji Wawili

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, ninaishi Chanika na kufundisha Ilala. Nimejiwekea akiba ya shilingi milioni 12 ili ninunue gari langu la kwanza, la kwenda nalo kazini na mara mojamoja kumpeleka mama kliniki. Dalali amenionyesha Toyota IST mbili za toleo la kwanza: yenye namba D kwa milioni 9.5 na yenye namba E kwa milioni 12 kamili. Shemeji yangu anasisitiza nichukue Volkswagen Golf inayouzwa bei hiyohiyo, kwa kuwa magari ya Kijerumani ni imara. Kilomita chache za mwisho kufika kwangu ni barabara ya vumbi. Nichukue lipi? (Mwalimu, Chanika)

JIBU: Ndugu Mwalimu, tenga kwanza fedha ambazo hutazigusa siku ya kununua. Gari lililotumika, hata liwe zuri namna gani, huanza kudai mapema: oili na filta, plagi, betri, pengine tairi mbili na bushi za mbele, bila kusahau bima na gharama za kuhamisha umiliki. Mimi ningetenga si chini ya milioni 1.5, na kwa hesabu hiyo IST ya milioni 12 imekwisha kujiondoa yenyewe.

Pia usiitukuze mno herufi ya namba. Herufi hiyo huonyesha gari lilisajiliwa Tanzania kipindi gani. Haisemi liliundwa lini. IST za toleo la kwanza ziliundwa Japani kuanzia 2002 hadi 2007, kwa hiyo hizo mbili ulizoonyeshwa huenda zilitoka kiwandani mwaka mmoja, ila ile ya namba E ikachelewa kupanda meli. Kuchelewa huko kuna faida, maana barabara za Japani hazilitesi gari kama zetu, lakini faida hiyo haifikii milioni 2.5 kama ile ya namba D imetunzwa vizuri. Mwaka wa kuundwa usome kwenye kadi ya gari, wala usitosheke na maneno ya dalali.

Kuhusu Golf, shemeji hajakosea anaposifu bodi yake na utulivu wake barabarani. Tatizo ni kwamba gari la Ulaya linapouzwa kwa bei ya IST, mara nyingi bei hiyo ndiyo inayokueleza hali yake: giaboksi imeanza kusumbua, au mwenyewe amechoka kutafuta vipuri na fundi mwenye mashine ya kulipima. IST ya toleo la kwanza, yenye injini ya cc 1300 au 1500 na giaboksi ya kawaida ya otomatiki, inafahamika kwa karibu kila fundi, na vipuri vyake, vipya na vilivyotumika, vimejaa Gerezani pale Kariakoo. Injini zake hutumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda. Kinachohitajika ni oili ibadilishwe kwa wakati. Passo ya cc 1000 inatumia mafuta kidogo zaidi, lakini kwa safari yako ya kila siku, na abiria ndani, injini yake ya silinda tatu itakuwa inahangaika. Ractis nayo ina nafasi nzuri, ila giaboksi yake mara nyingi ni ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, ambayo hudai oili yake maalumu na huadhibu vikali mwenye gari aliyewahi kutia oili nyingine.

Basi shughulika na ile ya namba D, na uikague kwa utaratibu. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kisha uweke kiganja juu ya boneti: ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Likiwashwa likiwa la baridi, mtu asimame nyuma atazame moshi. Wa bluu unamaanisha injini inakula oili, na mweupe mzito usiokoma unamaanisha maji ya rejeta yanaingia panapounguzwa mafuta. Fungua kifuniko cha kutilia oili. Ukikuta ute wa rangi ya chai ya maziwa, aga kwa heshima uondoke. Kwa kuwa Dar es Salaam hufurika, vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho uangalie kama una mstari wa tope, kisha inua zulia la chini ya kiti na ukague reli zake kama zina kutu. Gari lililozama linaweza kupigwa rangi likang'aa, lakini nyaya zake zitakusumbua miaka yote utakayokuwa nalo.

Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi ilingane na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Nenda na fundi wako mwenyewe, si yule anayeletwa na dalali, na umlipe ujira wake hata usiponunua, asije akalisifu gari ili apate chochote. Kadi iwe halisi na jina liwe la anayekuuzia. Ukiambiwa kadi iko kwa ndugu, fahamu kwamba inaweza kuwa imewekwa rehani ya mkopo. Angalia pia faini za trafiki kwa namba ya gari, zilipwe kabla hujatoa fedha. Malipo yapitie benki, na umiliki uhamishwe Mamlaka ya Mapato (TRA) bila kuahirisha.

SWALI: Je, kuagiza Japani mwenyewe si nafuu kuliko kununua hapa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Bei unayoiona mtandaoni ni mwanzo tu, kwani juu yake kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, VAT ya asilimia 18, na ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 8 tangu kuundwa, ambao hupanda likizidi miaka 10. Aidha, TRA ina makadirio yake ya thamani, hivyo tumia kikokotoo chake kabla ya kutuma senti yoyote, na uongeze gharama za bandari na wakala wa forodha. Faida ya kuagiza ni karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani: inaonyesha mileji, michubuko na daraja la gari. Ikiwa na daraja la R, gari hilo liliwahi kupata ajali na kutengenezwa, na muuzaji anayekataa kukutumia karatasi hiyo usimlipe hata malipo ya awali.