Ukishapiga Kura, Usivae Koti

Ndugu zangu waliopata uraia wa Marekani hunipigia kila msimu wa uchaguzi: "Kaka, hiyo kokasi ni kitu gani, na nikienda nifanye nini?" Ni mkutano wa mtaani ambapo wafuasi wa chama humpigia kura mgombea urais wao na kuchagua wajumbe. Nenda, nawaambia, na ukishapiga kura usivae koti, yaani usiondoke.

Hilo nililiona jimbo la Iowa, Januari 3, 2012. Nilikuwa mwanafunzi, kura sina. Mwenye nyumba wangu ndiye aliyenibeba nikashuhudie. Mkutano wa mtaa wa Warepublican, mojawapo ya vyama viwili vikubwa vya Marekani, ulianza saa moja usiku katika bwalo la shule, nje baridi ya kukata masikio. Kila mgombea alisemewa dakika chache, kisha watu wakaandika jina kwenye vipande vya karatasi, vikapitishiwa ndoo, vikahesabiwa mezani mbele ya macho yetu. Matokeo yalipotangazwa tu, viti vikaanza kukwaruza sakafu. Kesho watoto wana shule.

Kona moja haikunyanyuka. Walikuwa vijana wa mgombea Ron Paul. Mwenyekiti alipouliza nani yuko tayari kuwa mjumbe wa mkutano wa kaunti, mikono karibu yote ilitoka kona ile.

Huyu Ron Paul ni daktari wa uzazi, wakati huo mbunge wa Texas. Mwaka 1988 aligombea urais kupitia chama cha Libertarian, wale wanaotaka serikali ndogo isiyomwingilia mtu maisha yake. Baadaye akayahubiri yale yale ndani ya Republican: askari warudi nyumbani, Benki Kuu ya Marekani ikaguliwe. Usiku ule alikuwa wa tatu, asilimia 21 hivi. Habari zote zilikuwa za wagombea wenzake Romney na Santorum, waliopishana kwa kura 8. Hesabu ya mwisho ikampa Santorum uongozi wa kura 34.

Ila kura zile za karatasi hazikumfunga mjumbe yeyote; kila mmoja aliweza kumuunga mkono amtakaye. Vijana wakatoka mkutano wa kaunti, wakaenda wa wilaya, wakafika wa jimbo, huku wenzao wamelala. Agosti, kwenye mkutano mkuu wa chama wa kuteua mgombea, mjini Tampa, kura 22 kati ya 28 za Iowa zilikwenda kwa Ron Paul! Uteuzi alichukua Romney, sawa, lakini ilani ya chama ilidai Benki Kuu ikaguliwe kila mwaka, na mwezi mmoja kabla Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha muswada wake wa ukaguzi kwa kura 327 dhidi ya 98.

Wakubwa wa chama nao si wajinga. Huko huko Tampa kanuni zikakazwa: jina la mgombea lisifikishwe mbele ya mkutano mkuu bila wingi wa wajumbe wa majimbo 8, badala ya 5 ya awali. Kisha wajumbe wa Iowa wakafungwa na matokeo ya usiku wa kokasi. Kwa hiyo soma kanuni za mwaka wako, usitegemee hadithi yangu ya 2012. Hata hivyo kamati ya kaunti na mapendekezo ya ilani bado huanzia kwa wale waliobaki ukumbini.

Kula kwanza, beba kalamu. Na nenda na gari lako. Mimi mwisho wa mkutano ule sikuuona. Mwenye nyumba alikuwa mlangoni, funguo mkononi, ananipungia tuondoke.